Mnara wa Siloamu na misiba yetu ya ghafla: Kanisa lina neno gani siku ya kwanza?

MLETA MADA

Ndugu zangu katika imani, na ninyi msio wa imani hii mnaopenda kuchangia kwa staha, nawasalimu nyote.

Kila mara taifa linapopatwa na msiba wa ghafla, kivuko kikazama au jengo likaanguka na watu ndani, sisi Wakristo husema mengi katika saa chache za mwanzo, na sehemu kubwa ya tunayoyasema haitokani na Injili. Tunasema ni mapenzi ya Mungu. Tunasema ni adhabu, au kwamba kuna watu wametoa kafara. Wengine hujitokeza na kudai kuwa walioneshwa tukio lile katika maono wiki kadhaa kabla, ingawa hakuna aliyewasikia wakionya. Hoja ninayoileta mbele yenu ni kwamba Kristo mwenyewe aliletewa habari za msiba wa namna hii, na jibu alilotoa linatukataza kuwahukumu waliokufa, linatugeuzia swali sisi tuliobaki, na linagusa hata namna tunavyojenga, tunavyosafirisha watu na tunavyozika.

Habari yenyewe imo katika mistari mitano ya kwanza ya Luka 13. Watu walimletea Yesu taarifa ya Wagalilaya ambao Pilato aliichanganya damu yao na dhabihu zao, yaani waliuawa wakiwa katika ibada. Yeye akaongeza tukio la pili ambalo hawakumwuliza, la wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Akawauliza kama wanadhani kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu, na hakuwaachia nafasi ya kujibu: "Nawaambia, Sivyo, lakini msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo."

Wagalilaya wale tunao. Tarehe 2 Aprili 2015, siku ya Alhamisi Kuu, watu wenye silaha wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi, na miongoni mwa wa kwanza kuuawa walikuwa Wakristo waliokuwa wamekusanyika kwa sala ya alfajiri. Na mnara wa Siloamu tunao. Tarehe 29 Machi 2013, na hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka asubuhi na kuua watu 36, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza karibu. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo jingine, la Kariakoo, na kwa siku kadhaa nchi nzima ilisikia habari za waokoaji waliokuwa wakizungumza na watu walionasa chini ya zege, wakiwapelekea maji na hewa kupitia matundu.

Sasa nauliza, ni Mkristo gani angesimama pale Kariakoo na kusema kwamba wale mafundi, wauzaji wa maduka na wateja waliokuja kununua bidhaa walikuwa wakosaji kuliko waliokuwa katika jengo la jirani ambalo halikuanguka? Kwa sauti kubwa, pengine hakuna. Lakini msiba unapotupa hata sababu ndogo tu ya kuwalaumu waliokufa, tunaishika mara moja. Mnakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na hatimaye zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha, baadhi baada ya kuteseka siku nyingi Muhimbili kwa majeraha ya moto. Nilisikia mahubiri mawili juu ya tukio lile, na yote mawili yalikuwa juu ya amri ya usiibe. Wahubiri hao hawakugusa umaskini unaomfanya kijana wa bodaboda aone lita tano za petroli kuwa jambo la kukimbilia, wala hawakuwakumbuka waliokuwa wakipita njia tu. Katika familia zilizokuwa zikisikiliza, walikuwemo waliokuwa bado wanasubiri majibu ya vinasaba ili wajue wazike nani.

Hapo ndipo neno "Sivyo" la Bwana linapotupiga sisi. Yesu hakusema kwamba waliokufa Siloamu hawakuwa na dhambi. Alichokataa ni ile mizani ya kupima dhambi ya mtu kwa jinsi alivyokufa. Mizani hiyo ikishavunjwa, inavunjika pande zote mbili, kwa sababu aliyepona naye hawezi kuitumia kujipima uadilifu wake.

Naomba nikae kidogo juu ya jambo hilo, kwa kuwa linatokea makanisani mwetu kila Jumapili inayofuata msiba. Mtu husimama kutoa ushuhuda: alikuwa asafiri siku ile, gari likaharibika au mtoto akaugua, akachelewa, na sasa anamshukuru Mungu ambaye hawaachi walio wake. Kanisa hupiga makofi. Anamshukuru Mungu kwa haki kabisa, na mimi ningeshukuru. Lakini benchi la nyuma ameketi mjane ambaye mumewe hakuchelewa. Mumewe aliwahi, kama mtu makini anavyowahi safari. Ushuhuda ule, bila msemaji kukusudia, umemwambia kwamba mume wake hakuwa miongoni mwa walio wa Mungu. Nadhani shukrani za aina hiyo zinapaswa kwanza kutolewa chumbani, mlango ukiwa umefungwa, au kwa mchungaji peke yake, na zije mbele ya kanisa baada ya kitambo kirefu, zikiwa zimevuliwa kila neno linalolinganisha.

Garissa imetufundisha vivyo hivyo kwa uchungu, na Moshi pia, ambako tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa injili, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Watu walikufa wakisali. Yeyote anayefundisha kwamba sala ni kinga dhidi ya ajali anapaswa kuyatazama matukio haya mawili, kisha airudie Luka 13:1.

Nije kwenye kauli ya "ni mapenzi ya Mungu", ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Ilikuwa meli yenye uwezo wa kubeba abiria 430, na waliokufa peke yao walikuwa mamia, wengi kuliko idadi hiyo. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, siku ya gulio. Kilikuwa kivuko cha watu 101, na waliokufa walizidi 220. Ziwa ni lilelile na kosa ni lilelile. Baada ya misiba yote miwili nilisikia sala za kuwaombea marehemu zikianza kwa kusema kwamba Mungu amewapenda zaidi, amewachukua, kazi yake haina makosa. Nasema kwa unyenyekevu lakini bila kuficha: kumtwika Mungu uzembe wa kupakia chombo mara mbili ya uwezo wake ni kulitaja bure jina lake. Ni kumpa mwenye kosa mahali pa kujificha, na mahali penyewe ni madhabahuni.

Maandiko hayana aibu kuzungumzia mambo haya ya mbao na mawe. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukuta wa kuzuia kandokando ya dari, asije akaleta damu juu ya nyumba yake mtu akianguka. Hiyo ni sheria ya ujenzi, na imewekwa ndani ya Torati pamoja na amri za ibada. Kwa sheria hiyo, damu ya aliyeanguka iko juu ya nyumba ya aliyejenga bila ukuta, wala Musa hasemi kwamba Bwana amemwita nyumbani. Kwa hiyo ninapolisikia lile neno "msipotubu", nalisikia likimwendea pia mhandisi aliyesaini asichokikagua, mkata tiketi anayeendelea kukata wakati chombo kimekwisha kujaa, na mimi abiria ninayepanda juu ya wengine kwa kuwa nina haraka. Mfano wa mtini unaofuata hapo hapo, kuanzia mstari wa 6, unaonyesha toba ya namna gani inatakiwa. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi, na anaahidi kupalilia na kutia samadi. Ni ahadi ya kazi yenye muda.

Je, siku ya kwanza tufanye nini? Rafiki watatu wa Ayubu wanajulikana kwa maneno yao mabaya, lakini walianza vizuri kuliko wengi wetu. Ayubu 2:13 inasema waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hakuna aliyenena naye neno, kwa kuwa waliona ya kuwa mashaka yake ni makuu mno. Walikosea walipofungua vinywa. Na lile neno tunaloliandika kwenye ratiba za mazishi, kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, alilisema Ayubu juu ya watoto wake mwenyewe. Katika kitabu kizima hakuna mtu aliyemwambia yeye maneno hayo. Mfiwa akilisema ni sala. Mimi nikimwambia mfiwa ni amri ya kunyamaza.

Katika jumuiya yetu alikuwepo katekista mmoja, sasa ni mzee sana, ambaye kwenye msiba wa mama aliyepoteza wanawe wawili katika ajali ya basi alifika jioni, akavua kofia, akachukua kigoda, akaketi karibu na mlango wa jikoni walikokaa wanawake. Alipowasikia akina mama wakimwambia mfiwa asilie sana asije akamkufuru Mungu, alisema sentensi moja tu: "Mwacheni, hata Bwana alilia kwa Lazaro." Kisha akaendelea kukaa. Usiku ulipoingia aliomba daftari la rambirambi, akaanza kuandika majina na viwango, maana aliyekuwa akiandika alikuwa amechoka. Sikusikia mahubiri yoyote kutoka kwake hadi siku ya mazishi.

Naomba michango yenu, hasa ya wachungaji na mapadre.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mleta mada, mimi ni mchungaji wa usharika mmoja wa Kanda ya Ziwa na nimezika watu wa ajali za majini. Nakubaliana nawe juu ya uzembe, na nakubaliana nawe kabisa juu ya shuhuda. Lakini kuna mahali unanitia shaka. Ukimwondolea mfiwa mapenzi ya Mungu, unamwachia nini? Unamwachia mkata tiketi. Mama aliyepoteza mtoto hawezi kulala usiku akiwa na wazo kwamba uhai wa mwanawe ulikuwa mikononi mwa mkata tiketi na si mikononi mwa Mungu. Nabii Amosi anauliza, katika sura ya 3 mstari wa 6, kama mji unaweza kupatwa na hali mbaya asiyoileta Bwana. Ninapotamka kwamba Mungu anatawala, simfichi mwenye kosa. Namshikilia mfiwa asizame. Nimeona watu waliobaki na imani kwa sababu ya sentensi hiyo moja, na sioni kwamba ninayo haki ya kuwanyang'anya.

MLETA MADA

Baba Mchungaji, nashukuru kwa mchango huu, na naupokea kwa heshima kwa kuwa umezika na mimi sijazika. Sitaki kumwondolea mtu yeyote utawala wa Mungu, na mfiwa akijishikiza hapo, nami nitajishikiza pamoja naye. Ninalokataa ni kuutumia utawala huo kama taarifa ya chanzo cha ajali.

Hata Amosi uliyemtaja anasaidia hapa. Maneno yale hakuyaelekeza kwa wajane. Aliwaambia watu ambao, kwa mujibu wa sura ya 2 mstari wa 6, waliwauza wahitaji kwa jozi ya viatu. Yaani aliwahubiria wenye nguvu juu ya hukumu inayowajia kwa kuwaonea wanyonge. Tukilichukua neno lililoelekezwa kwa mdhulumu, tukalisoma kwenye jeneza la aliyedhulumiwa, tumeligeuza. Naomba pia tuitazame Kutoka 21:29. Kama ng'ombe amezoea kupiga watu kwa pembe, na mwenyewe ameonywa lakini hakumfunga, basi ng'ombe akiua, mwenyewe anawajibika. Torati inajua tofauti kati ya jambo lisilotarajiwa na jambo lililokwisha kuonywa. Baada ya MV Bukoba, ziwa lile lilikuwa limekwisha kutuonya.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba yote mawili yasemwe na Kanisa, kila moja kwa mtu wake. Mfiwa aambiwe kwamba mwanawe yuko mikononi mwa Mungu. Mamlaka ziambiwe, kwa barua yenye saini ya askofu na si kwa fumbo la mahubiri, kwamba uhai wa mtoto yule ulikuwa pia mikononi mwao.

MCHANGIAJI WA PILI

Kaka mleta mada, na Baba Mchungaji, shikamooni. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu imenifikisha mochwari siku za ajali kubwa mara kadhaa. Naomba niseme kile ambacho watu huuliza kweli pale mlangoni, kwa sababu mnabishana juu ya swali la "kwa nini", na swali hilo wengi hawalifikii siku ile. Wanauliza kama aliteseka. Wanauliza kama wanaweza kumwona uso. Wanauliza gari la kumsafirisha litapatikanaje. Wanataka mtu wa kuingia nao ndani. Nimemwona baba akimtambua binti yake kwa pindo la kitenge tu, na mwingine kwa rozari iliyokuwa mkononi, na aliyesimama naye alikuwa sista mmoja ambaye hakuwa hata wa parokia yao, aliyemshika mkono wakati anasaini fomu.

Lakini nina swali lililonisumbua. Baadhi ya marehemu walikuwa wameacha kanisa miaka mingi. Ndugu zao huja kwa hofu, wakiuliza kama padre au mchungaji atakubali kuja, kwa kuwa kadi ya zaka haijajazwa na ndoa haikufungwa. Siku ya msiba wa kitaifa hofu hiyo huwa kubwa zaidi, maana hata nafasi ya kutubu hakuipata. Mnawajibu nini?

MLETA MADA

Dada yangu, umetusogeza mahali ambapo uzi huu ulipaswa kuanzia.

Jibu langu la kwanza ni Ukara. Miili ambayo haikutambuliwa ilizikwa kisiwani pale tarehe 23 Septemba 2018, na viongozi wa dini, Wakristo na Waislamu, walisali juu ya makaburi yale bila kujua ni nani amelala wapi. Ilikuwa vivyo hivyo Igoma, Mwanza, mwaka 1996, baada ya MV Bukoba. Haikuwezekana kuulizia kadi, kwa kuwa majina yenyewe hayakujulikana. Kanisa liliwaombea wote kama watoto wa Mungu, na kwa kufanya hivyo halikukosea. Kama liliweza kuwakabidhi kwa rehema ya Mungu watu wasiojulikana kabisa, sioni ni kwa hoja gani linamkatalia sala mtu ambaye mama yake yuko pale mlangoni akilitaja jina lake.

Kuhusu nafasi ya kutubu, mnyang'anyi pale msalabani alikuwa na dakika chache tu na maneno machache. Hatujui kilichosemwa ndani ya chombo kilichopinduka. Fundi mmoja wa MV Nyerere alikutwa hai siku mbili baadaye, alikokuwa amebaki na hewa kidogo. Kwa siku hizo mbili, sisi tuliokuwa nchi kavu tulimhesabu miongoni mwa waliokufa, na Mungu alikuwa na hesabu nyingine. Ndugu wa marehemu waambieni hivyo, na mchungaji aje.

Sista uliyemtaja amenikumbusha Karatu. Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent kutoka Arusha lilitumbukia bondeni eneo la Rhotia, wakafariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Wamisionari wa kitabibu kutoka Marekani, wa shirika la STEMM, walikuwa wakipita barabara ile. Wakasimama, wakashuka bondeni. Watoto watatu waliopona walipelekwa Sioux City, jimbo la Iowa, wakatibiwa, na mwezi Agosti wakarudi nyumbani. Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, Jumapili asubuhi, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani ikiwa na watu 43, wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na watu 24 wakatoka hai. Sijui wangapi kati ya wavuvi wale walikuwa wa kanisa gani, wala Msamaria katika Luka 10 hakuulizwa.

Kwa Jumapili ya kwanza baada ya msiba, Baba Mchungaji, ningependekeza ibada ambayo haina ushuhuda na haina unabii. Isomwe Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila kumalizia kwa sifa, ili waliofiwa wajue kwamba Biblia ina nafasi ya sala kama hiyo. Majina yatajwe kwa ruhusa ya familia, na ya Waislamu yatajwe pia kama wenyewe wameridhia. Sadaka yote iende kwa wafiwa siku hiyo hiyo, na hesabu yake ibandikwe mlangoni. Kisha wateuliwe watu wawili au watatu wa kila jumuiya watakaoitembelea kila familia hadi mwaka uishe, kwa sababu baada ya matanga kuondolewa, turubai likashushwa na viti vikarudishwa, ndipo ada ya shule ya watoto inapodaiwa.

Naomba wenye taarifa za Morogoro watueleze: wale majeruhi wa moto waliorudi nyumbani kutoka Muhimbili, ni sharika au parokia zipi zilizoendelea kuwatembelea, na zilifanyaje?